Maswali na majibu: namba E siyo umri wa gari

Barua za wiki hii karibu zote zinauliza kitu kimoja: "Hii bei ni sahihi?" Waliotuma picha ya gari bila mwaka wala ukubwa wa injini wasinune wakijikosa hapa. Picha ya gari lililotoka kuoshwa hainiambii kitu.

Nimeona Toyota IST namba E, muuzaji anataka milioni 16. Anasema ni jipya kabisa, halijamaliza hata mwaka barabarani. Ni bei ya haki? (Tabata)

IST ipi? Herufi ya namba ya usajili inakuonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. IST ya umbo la zamani ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Ikishuka bandarini leo inapewa namba mpya sawasawa na iliyotengenezwa 2015. Ukiongeza hela kwa ajili ya E, umenunua kibao cha namba.

Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi ya gari. Uhakikishe na kwenye gari lenyewe: vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, chini mara nyingi kuna lebo yenye tarehe.

Sasa bei. Fungua kikokotoo cha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, cha magari yaliyotumika, weka aina, mwaka, injini na nchi linakotoka, uone kodi yote. Jumlisha bei ya gari kama hilo Japan pamoja na meli, gharama za bandari na wakala. Hapo ndipo mwisho wa bei. Gari lililotembea hapa hata miezi sita linatakiwa kuwa chini ya hapo, maana mashimo yetu limeshayajua. Na kwa kuwa gari lenye zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, sehemu kubwa ya hela unayoambiwa ni kodi, siyo gari. Muuzaji akilalamika kwamba limemgharimu zaidi, mpe pole. Kama alipigwa wakati wa kununua, hilo siyo deni lako.

Gari ni la 2015, dashibodi inasoma kilometa 46,000. Niamini? (Morogoro)

Omba karatasi. Gari la Japan linakuja na cheti cha kusafirishwa nje, na humo huandikwa kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Kama lilipita mnadani, kuna karatasi ya mnada yenye alama: 4 na 4.5 ni zuri, R ni gari lililowahi kugonga au kugongwa likatengenezwa. Yadi iliyoagiza gari yenyewe haina sababu ya kukosa nakala. Usipopewa, angalia raba ya pedali ya breki, usukani na ukingo wa siti ya dereva. Raba iliyolika ikaonyesha chuma haijatembea 46,000 tu. Kurudisha namba za dashibodi nyuma ni kazi ndogo kwa fundi wa umeme, ndiyo maana kilometa peke yake mimi silipii hata shilingi.

Muuzaji anasema lilikuwa la mama yake, lilikuwa linaenda kanisani tu.

Muulize kanisa liko mkoa gani.

Naona aibu kutaja bei ya chini, kama namdharau mwenye gari. Naanzaje? (Ubungo)

Dada yangu, aibu hiyo wenye yadi wanaijua na wanaishi nayo vizuri. Tangazo lenyewe limeandikwa "maongezi yapo", yaani punguzo ameshaliweka ndani ya bei. Lakini usiombe "nipunguzie kidogo". Nenda asubuhi, na umwambie mapema asiliwashe. Ukikuta boneti ina joto, rudi siku nyingine: injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli. Nenda na fundi wako, siyo yule anayezungukazunguka hapo yadi. Aangalie nati za fenda na boneti. Kona za nati zikiwa zimebanduka rangi, spana imepita, na lazima ujue kwa nini. Soma tairi pia: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kila kasoro iulizie bei kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kwanza. Kisha kaa na mwenye gari: tairi nne kiasi hiki, shokapu za mbele kiasi hiki, bushi, betri, nikitoa kwenye bei yako inabaki hivi. Hapo hakuna dharau, mnapiga hesabu. Ukishataja, nyamaza. Wengi wanasema "kumi na mbili", na kabla mwenzao hajajibu wanajiongezea wenyewe "au kumi na tatu". Redio kubwa na rimu za kung'aa usizilipie, alijifurahisha mwenyewe. Mkishindwana, mwachie namba ya simu uondoke. Ada za Januari zikimbana atapiga.

Dalali anataka nimlipe asilimia 10, na muuzaji naye anamlipa. (Mbagala)

Alipwe na aliyemtuma. Cha kuogopa zaidi ni cha juu: mwenye gari kasema 13, wewe unatajiwa 15. Usitoe ofa kabla hujakaa na mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi, kitambulisho kikiwa mezani.

Nimetanguliza milioni 2, sasa naona kadi ina jina la benki. Anasema mkopo umebaki kidogo. (Arusha)

Usiongeze hata senti. Gari hilo ni dhamana. Nendeni benki wote wawili, mpewe deni lililobaki kwa maandishi, hela yako iende moja kwa moja kwenye deni, na benki ijiondoe kwenye kadi. Ndipo mwende kwa mwanasheria na TRA. Akikataa kwenda benki, dai milioni 2 zako.

Na wewe unayesoma hapa ukimcheka: madeni ya trafiki na maegesho ya gari unalolitaka umeangalia? Kosa moja la barabarani ni shilingi 30,000, na mengi yanalala kwenye gari ambalo mwenyewe anasema "halina tatizo". Yatoe kwenye bei.

Nimeshanunua, nimelipa alichotaja bila kuongea. Nimepigwa? (Goba)

Umiliki umeshahamisha? Anza na hilo, kesho asubuhi.