Usihesabu mapigo ya enkoda kwa interapti, mwachie taima

Mkuu, usichome waya wowote bado. Unasema una enkoda (kifaa kinachotoa mapigo ya umeme kikizungushwa) ya mapigo 600 kwa mzunguko, Uno, ile bodi ndogo ya Arduino, na mota ya kusukuma mbao hapo Makambako, utahesabu kwa interapti, yaani kila pigo liikatize prosesa kazi yake ili ilihesabu, halafu unauliza ununue skrini gani. Skrini isubiri!

Piga hesabu kwanza. Enkoda ina waya mbili za mapigo, A na B, zinazopishana kidogo ili mwelekeo ujulikane. Ukisoma kingo zote za A na B, yaani kila pigo likipanda na likishuka, 600 inakuwa 2,400 kwa mzunguko. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika inakupa kingo 58,000 kwa sekunde, moja kila maikrosekunde 17 hivi. Uno iingie kwenye interapti, isome pini mbili, ijumlishe, itoke: muda umekaribia kwisha. Na kila interapti inakumbuka tukio moja tu. Yakija mawili kabla haijahudumiwa, moja limepotea na hakuna kitakachokuambia.

Sisi Mafinga, fundi aliyetuuzia mfumo alituapia kwamba waya wa A peke yake unatosha. Hasira yangu kwake haijaisha. Msumeno ukiwaka tu, rola yenye enkoda inatetemeka mbele nyuma palepale, na waya mmoja haujui mwelekeo, basi kila mtikisiko unahesabiwa kuwa mbao imesogea. Mashine inaamini futi 12 zimetimia, msumeno unakata, mbao fupi. Lundo zima la paini likaenda kwa bei ya vipande, mwenye mzigo amesimama pale anatazama. Tukimpigia simu fundi, jibu ni moja: badilisheni enkoda. Enkoda ilikuwa nzima kabisa!

Kuhesabu ni kazi ya taima, sehemu ya ndani ya chipu inayohesabu yenyewe bila prosesa. Chukua chipu ya STM32F103, weka taima ya 4 kwenye modi ya enkoda, A iende pini PB6, B iende PB7. Inajumlisha rola ikienda mbele, inapunguza ikirudi, prosesa wala haisumbuliwi. Washa na kichujio cha pini hizo, kinachopuuza mapigo mafupi ya kelele za umeme. Kaunta yake ni biti 16, kwa kasi yako inavuka 65,535 na kuanza upya kila baada ya sekunde moja na ushee. Isome kila milisekunde 10, toa thamani ya zamani kwenye mpya, tofauti iweke kwenye namba ya biti 16 inayokubali hasi, ndipo uijumlishe kwenye namba ya biti 32. Usiirudishe kaunta sifuri kazi ikiendelea.

Taima ya 1 ya Uno nayo inahesabu mapigo ya nje kupitia pini 5, ila inajua kupanda tu, na hapo umerudi kwenye waya wa A. Hiyo Uno mpe kijana wa shule ajifunzie.