Huyo simu anapokea?

Mleta mada umeuliza: inakuwaje mbeba mizigo, mama ntilie na dereva wa bajaji wampende meya mpiga makelele mwenye kashfa kila wiki, wakati wasomi wa mji mzima wanamkimbia? Ukatoa mfano wa Rob Ford wa Toronto, Kanada. Waliotangulia wamejibu kwamba ni njaa, wengine ni ujinga, na mmoja kaandika "kofia na fulana" akaishia hapo. Mimi nipo Mbeya, nauza viazi na vitunguu, na nimewahi kumpigia kura mtu wa aina hiyo. Zaidi ya mara moja. Nivumilieni, ni ndefu.

Novemba 2013 sijahamia huku bado. Nilikuwa napanga chini kwenye mji mwingine wa Nyanda za Juu Kusini, jina naliacha (ni mji wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na hapo nimeshasema mengi). Pembeni yangu alikaa mzee fundi viatu mwenye redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Asubuhi hiyo redio ikatangaza kwamba meya wa jiji kubwa la Kanada amekiri kuvuta kokeini. Mwalimu mmoja aliyekuwa anasubiri kisigino chake akacheka, akasema watu wa kule wamepata walichokitafuta. Mzee hakucheka. Alitoa misumari mdomoni, akauliza: "Watu wake wakimpigia, huyo simu anapokea?"

Mwalimu hakujua. Mimi nikaja kujua miaka kadhaa baadaye, nilipopata simu ya maana na bando la kusomea. Alikuwa anapokea.

Kwa wadogo zangu ambao hamkumfuatilia, Ford alikuwa diwani wa eneo la Etobicoke kuanzia mwaka 2000, miaka kumi mfululizo. Maskini hakuwa. Baba yake alikuwa na kampuni ya kuchapa lebo na aliwahi kuwa mbunge kwenye bunge la jimbo la Ontario. Lakini mtu akimpigia kuhusu shimo la barabarani au bomba linalovuja kwenye nyumba za kupanga za jiji, Ford alikuwa anampigia mwenyewe kumjibu, na wakati mwingine anatokea mlangoni pake na ofisa anayehusika. Mwaka 2010 akagombea umeya akapata asilimia 47. George Smitherman, aliyewahi kuwa waziri wa jimbo, alipata kama asilimia 36. Katikati ya jiji walimkataa. Pembezoni wakambeba: Etobicoke, Scarborough, North York. Sehemu hizo zilikuwa na halmashauri zake mpaka mwaka 1998, serikali ya jimbo ilipoziunganisha zote kuwa Toronto moja, na watu wa huko wakabaki wanajiona wanatawaliwa na walio katikati. Ndiko pia walikojaa wahamiaji, Wasomali wakiwemo. Na huyo huyo Ford alikuwa na rekodi ya kutoa maneno ya kibaguzi! Hapo ndipo wachambuzi wengi waliposhindwa kuelewa. Yule fundi viatu angeelewa.

Kwetu jambo hili halionekani vizuri kwa sababu meya hatumchagui sisi. Tunamchagua diwani, madiwani wanachaguana wampate meya, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Kwa hiyo meya wa namna ya Ford kwetu umtafute kwenye udiwani au ubunge. Wangu alikuwa diwani.

Nilikuwa nauza viazi kwa sado, na kwa kilo kwa wale wanaotaka kilo. Mizani niliinunua kwa mkopo wa kausha damu, rejesho kila siku jioni, uuze usiuze. Siku moja mgambo wakapita, wakachukua mizani na magunia mawili. Ilivyo ni kwamba nilikuwa nimepanga nje ya mstari, kosa nalikubali, ingawa mstari wenyewe ulichorwa wiki hiyo hiyo. Nikaenda ofisini. Siku ya kwanza mhusika yuko kikaoni. Siku ya pili nikaambiwa nilete stakabadhi ya kununulia mizani. Nani anatunza stakabadhi ya mizani ya mtumba? Siku ya tatu kikao tena. Kijana aliyenihudumia hakunitukana hata kidogo, alikuwa na adabu zake zote. Ila siku tatu hakuinua macho kutoka kwenye karatasi, na nadhani akikutana nami njiani leo hawezi kunijua.

Namba ya diwani ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kilabu cha ulanzi. Nikapiga jioni, haikupokewa. Saa nne usiku ikanipigia yenyewe. Sauti ya mtu aliyekunywa, nyuma watu wanaimba. Akaniuliza: "Nani kachukua? Wapi? Mizani ya rangi gani?"

Ya bluu, nikamwambia. Naomba mkumbuke hilo swali la rangi, maana ofisini siku tatu halikuulizwa.

Asubuhi akaja kwa bodaboda, vifungo vya koti vimepishana, akaingia ofisini anapiga kelele mpaka nikamwonea huruma yule kijana. Maneno mengine siwezi kuyaandika humu. Nusu saa haikuisha nikatoka na mizani yangu ya bluu kichwani. Viazi sikuviona tena, na sikuviuliza.

Sasa nambie, mleta mada, uchaguzi ukifika nampa nani kura yangu? Mgombea wa upande wa pili alikuwa mtu safi, ana shahada mbili. Alikuja sokoni na mpango mkakati uliojalidiwa vizuri. Mama mmoja wa mboga akamuuliza lini choo cha soko kitazibuliwa. Akajibu kwamba miundombinu ya usafi iko kwenye awamu ya pili. Mama akamshukuru kwa heshima zote, akageuka kufunga mchicha wake.

Kuhusu fulana: nimepewa na vyama vyote. Nilizivaa zote kupakulia viazi, mpaka zikaisha.

Watu husema hatuoni maovu ya mtu wetu. Tunayaona, tena sisi tuko karibu zaidi. Tulijua anakunywa. Tulisikia habari ya kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa anakunywa chai kwetu pale. Yule mama wa mchicha alisema kitu ambacho sijakisikia kwenye uchambuzi wowote: "Wote wanakula. Huyu anakula amekaa nasi." Mnaweza kuuita huo ni upofu. Mimi naona alikuwa amepiga hesabu, na hesabu ya mtu ambaye serikali humfikia pale tu inapotaka kuchukua kitu si sawa na ya mtu anayelipwa na serikali hiyo mwisho wa mwezi.

Kuna na kuchekwa. Wafanyakazi wa ofisini walikuwa wanamwigiza diwani wetu, lafudhi yake ya kijijini, koti lake, anavyokosea maneno ya vikaoni. Sasa lafudhi ile ni yangu. Koti lile, ningekuwa nalo, lingekuwa hivyo hivyo. Kila walipomcheka yeye tulijisikia sisi, na siku zake mbaya ndizo tulizomshika zaidi. Nikisoma ya Toronto naona kitu hicho hicho. Mei 2013 magazeti yaliandika kuhusu video inayomwonyesha Ford akivuta kokeini, akakana. Tarehe 31 Oktoba mkuu wa polisi akatangaza kwamba video wanayo. Ungetegemea aanguke. Kura ya maoni ya siku hizo ilionyesha wanaomkubali wamepanda kidogo, asilimia 44. Tarehe 5 Novemba akakiri, na kabla mwezi haujaisha baraza la madiwani likawa limemnyang'anya karibu madaraka yake yote. Madiwani walikuwa na sababu, mimi mwenyewe ningepiga kura hiyo. Ila jiweke Scarborough, uwe mtu ambaye simu yake ilipokewa na mtu mmoja tu katika jengo lote lile la halmashauri, halafu uone jengo lote limesimama kumvua madaraka mtu huyo mmoja.

Mbeya nako tumepita humo kwa namna yetu. Mwaka 2010 jimbo la Mbeya Mjini lilimchagua Joseph Mbilinyi, Sugu, msanii wa hip hop, na 2015 likamrudisha. Simfananishi na Ford kwa tabia, msininukuu vibaya. Nasema tu kwamba wakati ule nilisikia watu wa kada fulani wakishangaa "msanii bungeni atafanya nini", na wachuuzi wenzangu wa Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya walisikia kwamba wanaulizwa wao wanafanya nini mjini. Mwaka 2020 jimbo likaenda kwa Dk. Tulia Ackson, baadaye akawa Spika. Nimesikia watu wakisema wapiga kura wa Mbeya hawaeleweki. Wanaeleweka, ila lazima ukae nao kijiweni.

Sasa upande wa pili, maana sikuja hapa kumsafisha mtu.

Siku ya kwanza ofisini, tarehe 1 Desemba 2010, Ford alitangaza kuufuta mpango ulioitwa Transit City, wa treni nyepesi zinazopita juu ya ardhi kwenda pembezoni. Njia mojawapo ilikuwa ipite barabara ya Finch, upande wa magharibi, karibu kabisa na watu waliompa kura. Akasema yeye anataka treni ya chini ya ardhi. Mwaka uliofuata huduma ya mabasi ikapunguzwa kwenye njia zenye abiria wachache, na anayepanda basi saa tano usiku ni mlinzi na msafisha ofisi, si wakili. Kilichowafurahisha ni kufutwa kwa kodi ya magari ya dola 60 kwa mwaka. Mwenye gari alipumua. Asiye na gari alibaki kituoni.

Na bado walimkubali, hata kwenye hilo la treni! Nimelifikiria sana. Nadhani walichosikia ni hivi: katikati ya jiji wana treni ya chini ya ardhi, kwa nini sisi tupewe ile ya kusimama kwenye taa za barabarani? Ni kama machinga unapomwambia kuna soko zuri limejengwa nje ya mji. Soko zuri kweli, lina paa, lina choo. Lakini yeye anajiuliza kwa nini mwenye duka la kioo hakuambiwa ahamie huko. Mtu anaweza kukataa kitu chenye faida kwake kwa sababu tu ya namna alivyopewa. Ni kosa la gharama, na wa kulilipa ni yeye.

Mimi nililipa hivi. Miezi miwili baada ya mizani yangu kurudi, wakachukua meza ya jirani. Tukapiga simu, diwani akaja, akafoka, meza ikarudi. Baadaye toroli. Baadaye mizani yangu tena, ile ile ya bluu! Mara ya nne au ya tano hivi yule fundi viatu akaniuliza taratibu kama diwani anahudhuria vikao vya madiwani. Anahudhuria. Na sheria ndogo za ushuru na maeneo ya biashara zinapitishwa wapi? Huko huko. Amewahi kusimama hata siku moja kusema mstari uchorwe wapi, au mali ikikamatwa irudishwe ndani ya siku ngapi? Hatukuwa tumesikia. Kelele zake zote aliziacha kwa yule kijana wa mapokezi ambaye hakuwa na uwezo wa kubadilisha chochote. Sidhani kama ilikuwa hila. Nadhani alipenda kupigiwa simu. Mstari mmoja tu kwenye sheria ndogo ungemkosesha simu zetu zote.

Nikumbushe pia vitambulisho vya wajasiriamali wadogo alivyotoa Rais Magufuli Desemba 2018, shilingi 20,000 kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Nilikivaa shingoni kama mwanafunzi. Kwa muda ule mtu ananifuata, anakiona, anaondoka. Hakuna kupiga simu, hakuna kufoka. Ilinipa raha ambayo sikuwahi kuipata kwa diwani. Ila 2021 machinga nchi nzima tukaanza kupangwa upya, na nikaona kwamba hata ile kadi tulikuwa tumeichukulia kama simu ya mtu fulani, kubwa zaidi tu.

Ford alipata saratani 2014, akajitoa kwenye umeya, akagombea udiwani kata yake ya zamani akashinda kwa kura nyingi, akafariki Machi 2016 akiwa na miaka 46. Kaka yake Doug ndiye waziri mkuu wa Ontario tangu 2018. Kwa hiyo wanaosema hao watu walijifunza, sijui walijifunza lini.

Diwani wangu alishaanguka. Mimi nilihama, mizani ya bluu nikamwachia mdogo wangu. Mwaka jana mama mmoja wa nyanya jirani yangu hapa akachukuliwa meza, akaja analia, anauliza namjua nani wa kumsaidia. Kabla sijafikiri vidole vilishapiga ile namba ya zamani. Ikaita mara mbili.

"Haloo, nani? Wapi hapo?"

Nikajitambulisha, nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mimi si diwani tena. Na huko Mbeya sijulikani." Halafu akauliza meza yenyewe ilikuwa ya mbao gani.