Nilikata Fimbo ya Mwarobaini, Nikavuna Mtoto Mwongo

Juzi nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Kondoa: "Mwalimu, mwanangu ana miaka sita, haniogopi kabisa. Nitumie fimbo gani ndiyo anisikie?" Nimeusoma mara tatu. Huyo mama ni mimi wa miaka mitano iliyopita, ila mimi nilikuwa na cheti cha ualimu kabatini.

Chuoni tulisoma habari za B.F. Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani wa majaribio ya panya na njiwa. Tendo linalofuatiwa na kitu kizuri hurudiwa. Lisilopata kitu hufifia. Nikaandika, nikafaulu, nikayaacha yote kwenye chumba cha mtihani.

Tulipohamia Dodoma tulipanga Nkuhungu, kijana wangu wa kwanza akiwa na miaka minne. Kila jioni tukipita dukani kwa Mangi anataka biskuti. Nasema hapana. Analia. Nasema hapana. Anajitupa kwenye vumbi, na vumbi la Dodoma mnalijua, hasa mwezi wa saba upepo ukishaanza. Watu wanageuka. Mangi naye: "Mpe tu mama, nitaandika." Nampa. Kuna siku nilikaza, siku tatu, nne mfululizo. Ya tano nimechoka, nampa, tena najiona mvumilivu. Kumbe nilikuwa namfundisha kwamba biskuti ni ya anayelia bila kukata tamaa. Tuzo inayokuja mara mojamoja, hujui lini, ndiyo inayoganda kuliko ya kila siku. Waulizeni wanaobeti.

Na mimi nilikuwa nafundishwa. Nikitoa biskuti kelele zinakoma, napumua, kesho natoa mapema zaidi. Hiyo ndiyo inaitwa uimarishaji hasi, ambao hata walimu wenzangu hudhani ni jina jingine la adhabu. Siyo. Ni tendo kushika mizizi kwa sababu limekuondolea kero. Kwa hiyo panya pale dukani nilikuwa mimi.

Halafu ukaja msiba Mpwapwa. Mtoto akalilia soda, na shangazi akasema mbele ya wakwe zangu: "Mwalimu anafundisha wa wenzake, wa kwake kamshinda." Watu wakacheka. Mpaka leo naisikia ile sauti.

Tuliporudi nikakata fimbo ya mwarobaini. Shuleni kanuni zinasema viboko visizidi 4, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Nyumbani mkuu wa shule nilikuwa mimi, na kitabu sikuwa nacho. Siwadanganyi, fimbo ilifanya kazi. Wiki nzima hakuna kilio cha biskuti. Baadaye chenji kwenye pochi ikaanza kupungua na glasi zikawa zinavunjika zenyewe. Mtoto alikuwa amejifunza jambo moja tu: mama akiwepo, usifanye.

Nikaacha fimbo, nikaingia kwenye hela. Ukiosha vyombo, shilingi 200. Vyombo vikang'aa, nami nikajisifu, mpaka siku nilipomsikia anamuuliza bibi yake: "Bibi, nikikuamkia unanipa ngapi?"

Miezi iliyofuata siielezi yote. Hapana ya biskuti ikawa hapana, na zile siku za mwanzo alilia kuliko zamani zote, ndivyo inavyokuwa kabla kilio hakijapungua. Usilegee hapo. Nikaanza kumsifu palepale, kwa jambo lenyewe: "Umejaza madumu yote na bomba umelifunga, hakuna hata tone." Siyo "mtoto mzuri," maana hilo halimwambii arudie nini. Akikosea, kosa lenyewe ndilo linampa kazi.

Sasa sikilizeni. Jumamosi maji ya mgao yalitoka alfajiri. Ana miaka tisa sasa, kujaza tangi ni kazi yake. Akasahau. Naamka, naye kasimama mlangoni kwangu, miguu imelowa: "Mama, sikufunga bomba. Uani kumejaa maji." Alikuja mwenyewe! Ningekuwa na fimbo, angesema bomba limeharibika. Nikamshukuru kwanza kwa kusema, kisha nikampa ndoo na kopo, akachota maji ya uani kumwagilia mchicha mpaka saa mbili. Hakununa.

Wazazi wenzangu, tuache kujidanganya. Mnasema "mimi nilichapwa na nikanyooka." Ulinyooka, au ulijifunza kujificha vizuri? Mtoto anayekuogopa hakuletei kosa lake, analipeleka kwa wenzake. Kila siku unamfundisha kitu, hata unapomnyamazisha kwa simu yako ili umalizie tamthilia.

Mama wa Kondoa, fimbo iweke chini. Chagua jambo moja tu, lisifu kila unapoliona kwa wiki mbili, kisha niandikie. Na kwenye hapana yako usilegee, nimesema.

Shangazi anakuja mwezi ujao. Hii hataisoma, ana kitochi. Nimemwambia kijana ndiye atakayempelekea maji ya kuoga.