Umbali 48 au 36? Hiyo grafu ya velositi na muda

Mkuu umeuliza kwa nini majibu ya nyuma ya kitabu yanasema umbali ni mita 48 na displesimenti (umbali wa kutoka kilipoanzia mpaka kilipoishia, ukihesabu na upande) mita 12, wakati wewe umbali unakutoka 36. Mi nafundisha tuisheni ya fizikia jioni na vijana wangu wengi wanakwama hapohapo.

Grafu yako ya velositi (spidi pamoja na upande wake, hasi maana yake kinarudi nyuma) iko hivi, sekunde 4 za kwanza mstari umelala kwenye 6 m/s, halafu unashuka umenyooka, unakata mhimili wa muda kwenye sekunde ya 6, unafika -6 kwenye sekunde ya 8 na unabaki hapo mpaka sekunde ya 10.

Sasa mtu akiona mstari umeanza kushuka pale kwenye 4 anasema kitu kimeshageuka. Hapana bana, hapo kinapunguza mwendo tu, bado kinaenda mbele, kama bodaboda anaposhika breki akiona tuta. Kinageuka kwenye sekunde ya 6, velositi inapopita sifuri na kuingia hasi. Chukua rula pigia mstari wa wima hapo kabla hujagusa kalkuleta, mi wanafunzi wangu nawalazimisha.

Kwenye grafu hii mita unazipata kwa eneo lililo kati ya mstari na mhimili wa muda. Juu ya mhimili una mstatili, 6 mara 4 ni 24, na pembetatu, nusu ya 2 mara 6 ni 6, jumla 30 za kwenda. Chini una pembetatu ya 6 na mstatili wa 2 mara 6 ambao ni 12, jumla 18 za kurudi. Umbali unajumlisha vyote bila kujali alama, 48. Displesimenti unatoa, 30 kutoa 18 ni 12, yaani kimeishia mita 12 mbele ya kilipoanzia.

36 yako imetoka wapi? Umechukua sekunde ya 4 mpaka ya 8 kama kipande kimoja, wastani wa 6 na -6 ni sifuri, ukaandika sifuri. Kwa displesimenti hiyo njia iko poa kabisa, ndo maana 12 umeipata, ila kwa umbali umefuta mita 6 za kwenda na 6 za kurudi ambazo kitu kilizitembea kweli, na 48 kutoa hizo 12 ndo hiyo 36 yako.

Na hapo swali la (c) linalofuata usigawe namba moja kotekote, spidi ya wastani ni 48 gawa kwa 10, 4.8 m/s, velositi ya wastani ni 12 gawa kwa 10, 1.2 m/s.