Anza na ramani, si orodha ya maneno
Unasema unakariri orodha za maneno ya Kiingereza ya ujenzi na yanakutoka. Ndugu, achana na orodha. Chukua ramani ya nyumba moja uisome yote. Kwanza tofautisha michoro: "plan" ni nyumba inavyoonekana kutoka juu kana kwamba imekatwa kwa mlalo, kwa kawaida kama mita 1.2 juu ya sakafu, ndiyo maana milango na madirisha huonekana; "section" imekatwa wima; "elevation" ni sura ya nje. Kisha fuata jengo linavyopanda, kuanzia "foundation" (msingi) hadi "roof" (paa). Ila tafadhali sana, usichanganye "cement" na "concrete": ya kwanza ni saruji, ya pili ni zege, yaani saruji, mchanga, kokoto na maji. Andika kila neno juu ya mchoro wenyewe, pale kitu kilipo.