Mate ya kaka yako: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Nimefurahi posa imekubaliwa. Lakini unasema shangazi wa mchumba wako ameuliza kama "kwenu mna wazimu", na sasa wataka nikwambie mambo mawili: ugonjwa wa akili wa kaka yako, hiyo skizofrenia, umo katika damu yetu? Na yale mate aliyotoa hospitalini yalikuwa ya nini?

Nianze na mate. Siku ile nilikaa naye. Kijana wa utafiti alimweleza kila kitu, akamaliza, halafu akamgeukia: "Sasa niambie wewe, tunafanya nini hapa? Ni lazima?" Kaka yako akafikiri. Akajibu, "Si lazima. Nikikataa, dawa zangu nitapewa vile vile." Mwanangu, tangu augue akiwa na miaka kumi na tisa, watu walikuwa wakizungumza na mimi juu yake naye yuko pale pale. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona mtu akingoja jibu lake. Akapewa kichupa, akatema kidogo kidogo, ananyanyua anatazama kama yamefika mstarini.

Utafiti wenyewe unaitwa NeuroGAP-Psychosis. Ulifanyika Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, na lengo lilikuwa kupata wagonjwa wa akili 17,000 na wasio wagonjwa 17,000, ili vinasaba vyao vilinganishwe, yaani yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, ambayo hata mateni yamo. Wanatafuta nini? Mwaka 2022 watafiti wa nchi nyingi walitangaza sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na skizofrenia. Kazi kubwa, lakini wengi waliopimwa walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Na sisi Waafrika ndio wenye vinasaba vya namna nyingi kupita watu wote duniani! Vipimo na dawa vikitengenezwa kutokana na watu wengine pekee, huenda sisi visitufae. Ndiyo maana sikumzuia kaka yako, na angeniuliza leo ningesema tena: toa.

Sasa damu. Sikufichi, urithi umo. Ila usiufikirie kama selimundu, ambayo hapa pwani tunaijua vizuri: kinasaba kimoja, mtoto akikipokea kibovu kwa baba na kwa mama, anaugua. Skizofrenia si hivyo. Ni vinasaba vingi mno, kila kimoja kinasukuma kidogo tu, na maisha nayo yanasukuma: uzazi wa shida, bangi ya ujanani, mengine. Hata pacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Katika watu wote, huugua karibu mmoja kwa 100. Mtoto wako, ambaye mjomba wake ni mgonjwa, ni kama watatu au wanne kwa 100. Hesabu waliobaki, mwanangu. Na bangi, watoto wako uwakataze kwa ukali.

Mimi niliambiwa nimemponza mwenyewe, eti nilitoka nje magharibi nikiwa na mimba yake. Nililibeba neno hilo miaka mingi, na mganga akala mbuzi wangu wawili. Sitaki wewe ubebe lolote la namna hiyo ukaingia nalo nyumbani kwa watu.

Mchumba wako mwambie yote, kama nilivyokuandikia, kabla ya nikaha. Na huyo shangazi mwambie aje kwetu. Ila asije siku ya kaka yako kudungwa sindano ya dawa, maana siku hiyo hulala mchana kutwa. Siku nyingine atamkuta uani anasuka makuti, na dafu atamwangulia mwenyewe.

Kaka yako ameuliza kanzu yake ya harusi itashonwa lini. Ijumaa baada ya swala tunakwenda kwa fundi.

Mama yako