Kwa anayeuliza kwa nini mdogo wake anashika mkia kidato cha pili

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako wa kidato cha pili katika shule ya kata hana akili, ni mvivu, au walimu wake hawafundishi, maana darasa la saba alifaulu vizuri na sasa anashika mkia. Umeuliza pia kama umhamishie shule binafsi. Nimefundisha Baiolojia miaka mingi katika shule ya kata mkoani Singida, na watoto wa aina yake nawapokea kila Januari. Nitajibu kwa urefu kwa sababu jambo hili linaniuma.

Wengi wanaopata sifuri kidato cha nne waliachwa nyuma tangu kidato cha kwanza, tena miezi ile ya mwanzo kabisa, na hakuna aliyerudi kuwachukua. Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa 2012 na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata daraja sifuri, nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume, na baadaye mwaka huohuo matokeo yakapangwa upya. Watu walibishana sana juu ya mtihani, usahihishaji na madaraja. Miaka minne ya nyuma, pale watoto wale walipokuwa wanaingia sekondari, haikuzungumzwa kiasi kilichostahili.

Mtoto wa kijijini kwetu nyumbani anaongea Kinyaturu. Kiswahili anakikuta shuleni, na kwa miaka saba anasomeshwa kwa hicho, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya mengine. Septemba anafanya mtihani wa darasa la saba, halafu anakaa hadi Januari bila kushika kitabu, wakati mwenzake wa mjini analipiwa masomo ya kujiandaa na sekondari. Januari anaingia darasani na karibu masomo yote yanafundishwa kwa lugha ambayo hajawahi hata kuombea maji ya kunywa. Hiyo ni lugha yake ya tatu, na mtaala unaendelea kana kwamba anaijua.

Niliwahi kuwa na binti wa kidato cha pili ambaye kwenye jaribio la mzunguko wa damu alinakili maswali yote kwa mwandiko mzuri, bila jibu hata moja. Wanaofundisha sekondari wanaijua karatasi ya namna hiyo. Nikamwita ofisini, nikamuuliza maswali yaleyale kwa Kiswahili. Alinitajia vyumba vinne vya moyo, damu inakoingia na inakotokea, akanieleza na kwa nini ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia: huo ndio unaosukuma damu mwili mzima, wa kulia unaipeleka kwenye mapafu tu. Mtoto huyo unawezaje kusema hana akili? Lakini alama zake zilibaki sifuri, na ripoti iliyokwenda kwa baba yake ilisema hajui.

Kinachofuata ni kukariri. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili ili aeleweke, anaandika notsi ubaoni kwa Kiingereza, mtoto ananakili. Daftari linajaa, mzazi analiona limejaa anaridhika. Swali likigeuzwa kidogo tu kwenye mtihani, aliyekariri hana pa kushika. Na ukimya nao ni mbaya kuliko kukosea: anayeogopa kuchekwa haulizi, asiyeuliza haeleweki amekwama wapi.

Kwetu kilichosaidia hakikuhitaji fedha. Muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza tuliweka kipindi cha kusoma kwa sauti kila siku. Kila mwalimu, hata wa Jiografia, aliandika maneno mapya ya mada kwenye kona ya ubao kabla ya kuanza, na kila mwanafunzi akayatungia sentensi zake katika daftari dogo la pembeni. Kwenye makundi tuliwaacha wajadiliane kwa Kiswahili mpaka waelewe, ndipo waandike jibu wenyewe kwa Kiingereza. Yalijaa makosa, lakini yalikuwa yao. Waliothubutu kuandika hivyo kufikia Juni, wengi wao hawakusumbuka kidato cha pili.

Jambo la pili ni tumbo. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ada ya kutwa ya shilingi 20,000 kwa mwaka iliondoka, na watoto waliongezeka sana. Ni jambo jema, sitaki mtu anielewe vibaya. Ila wazazi wengi walielewa kwamba hawatakiwi kuchangia chochote tena, hata chakula. Mtoto anatoka nyumbani alfajiri, anatembea kilomita nyingi, na mpaka saa nane mchana hajatia kitu kinywani. Walimu wa Hisabati walikuwa wanagombea vipindi vya asubuhi kwa sababu hiyo. Baadaye wazazi wakakubaliana kuchangia mahindi, maharage na kuni baada ya mavuno, tukaanza kupika makande. Utoro wa mchana ukapungua bila fimbo wala barua. Mwaka ambao mvua zilikatika mapema na michango ikakauka, utoro ulirudi palepale.

Kuna geto pia. Wanaotoka vijiji vya mbali wanapangishiwa vyumba karibu na shule, wanajipikia wenyewe, hakuna mkubwa wa kuwaangalia. Wavulana wanaishia kwenye vibarua na siku za mnada huwaoni. Kwa wasichana ni hatari zaidi. Binti wa geto akishuka ghafla darasani, uliza haraka kodi inalipwa na nani. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni katika mfumo rasmi, na nimefurahi kuona hilo, lakini bora tumjengee hosteli kabla hajafika huko.

Walimu? Ndiyo, tunapungua, hasa wa Fizikia na Hisabati, na kuna shule inayomtegemea kijana wa kujitolea anayelipwa na michango ya wazazi. Ukikuta mdogo wako hana kabisa mwalimu wa Hisabati, hilo haliponi kwa kumgombeza yeye.

Sasa kuhusu kumhamisha. Kabla hujatafuta ada, nenda shuleni siku ya kazi, mwone mwalimu wa darasa, uombe daftari la mahudhurio. Hesabu siku alizokosa na uangalie ni siku gani za wiki. Halafu kaa naye jioni, chukua mada moja kwenye daftari lake la Baiolojia au Jiografia, mwambie akueleze kwa Kiswahili. Akieleza vizuri, tatizo lake ni lugha: mnunulie kamusi, mtafutie vitabu vya hadithi fupi za Kiingereza chepesi, na kila jioni aandike aya moja ya kile alichosoma darasani siku hiyo. Asipoweza kueleza hata kwa Kiswahili, muulize anakula nini na analala wapi kabla ya kumuuliza kwa nini hasomi.

Mtihani wa kidato cha pili uko mwishoni mwa mwaka, na asiyefikia kiwango anarudia darasa. Mitihani ya miaka iliyopita omba kwa mwalimu wa taaluma, ajibu kwa maandishi, mwalimu wa somo asahihishe; wengi wetu tutafanya hivyo bure tukiona ndugu wa mtoto amekuja mwenyewe. Ukishapata majibu ya hayo yaandike hapa, na useme yuko wilaya gani, tutaona kama kuna mwalimu wa jirani anayeweza kumsaidia.